Kisanduku Kikubwa cha Cathal

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi. Kanda lake laweza kuwa kubwa kama ndama, na bado mtoto akalibeba kichwani huku anaimba. Basi anayemtazama mwenzake akipita na mzigo hudhani ndani mna usufi mtupu, akashangaa mbona mwenzake anatweta. Sidhani kwamba wahenga walisema hivyo ili kumlaumu anayetazama. Jicho halina mizani. Uzito wa kitu hujulikana na bega, na bega ni la mwenye mzigo.

Jambo hilo lilithibitika katika kijiji cha Drumcashla, kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, mwaka ule ambao mvua, isiyo na desturi ya kukosekana huko, ilikosekana Juni nzima.

Drumcashla ina nyumba thelathini na nne zilizotawanyika vilimani kama kondoo waliokosa mchungaji. Bomba la serikali halikuwahi kufika huko. Wakazi wenyewe, enzi za baba zao, walichimba mitaro kwa sepetu, wakajenga kibanda cha pampu kando ya ziwa na tangi la zege juu ya kilima. Pampu husukuma maji hadi tangini, na kutoka hapo maji huteremka yenyewe hadi majumbani na kwenye mabirika ya ng'ombe. Mradi ni wao, na kazi zake hufanywa kwa kujitolea.

Mtunza pampu alikuwa Attracta Feely, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, aliyekuwa mpeleka barua kabla ya kustaafu. Hakuiomba kazi hiyo. Miaka kumi na moja nyuma alikosa mkutano mkuu kwa sababu ya mafua, na huko Drumcashla asiyefika mkutanoni ndiye anayechaguliwa. Jirani alimletea habari kitandani pamoja na funguo za kibanda.

"Hongera, Attracta. Umepita bila kupingwa."

"Nimepitaje? Mimi nilikuwa hapa, naumwa!"

"Ndiyo maana hukupinga."

Attracta alicheka mpaka akakohoa, kisha akaipokea kazi. Hakuwa na elimu ya umeme. Alianza kwa kusoma kijitabu cha pampu, ukurasa mmoja kila jioni, akiandika pembeni neno asilolielewa hadi alielewe. Watu walimwona akienda ziwani kwa baiskeli na kurudi. "Kazi gani ile?" walisema. "Unabonyeza kidude, unakunywa chai." Naye hakuwakosoa. Aliandika vipimo vyake daftarini, akakaa kimya kama maji mtungini.

Mwezi wa Februari radi iliua kiendeshi. Hicho ni kisanduku cha chuma kilichoko ukutani kati ya umeme na mota. Umeme unaofika Drumcashla ni wa fezi moja, yaani mkondo mmoja, ule ule wa kuchemshia birika la chai, ilhali mota ya pampu inataka fezi tatu. Kiendeshi hupokea ile moja, hutoa tatu, na huipa mota kasi anayoitaka mtunzaji. Bila kisanduku hicho hakuna tone linalopanda kilima.

Mkutano uliitishwa ukumbini. Mwenyekiti alikuwa Declan Prunty, mfugaji wa ng'ombe themanini wa maziwa, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti. Attracta alisimama na karatasi yake.

"Visanduku vinavyopatikana vimetengenezwa kulishwa fezi tatu," alisema. "Sisi tutakilisha moja. Inawezekana, ila kijitabu kinasema tuchukue cha ukubwa mara mbili. Mota yetu ni ya kilowati nne. Tuchukue cha saba na nusu."

Declan alijikuna kidevu. "Dada Attracta, mimi navaa kiatu namba tisa. Nikienda dukani wakaniambia ninunue kumi na nane, nitajua wananionaje."

Ukumbi ulicheka. Attracta alicheka pia, kwa kuwa mfano ulikuwa mzuri.

"Mota nne, kisanduku nne," Declan aliendelea. "Hawa mafundi nawajua. Wananenepesha kila kitu. Tusiwabebeshe majirani mzigo usio wao."

Mikono ikanyooshwa, kisanduku cha kilowati nne kikanunuliwa. Siku kilipofungwa kilikataa kuwaka. Kiliandika kwenye kioo chake kwamba fezi zimepungua. Mke wa Declan, Majella, alikuwa na binamu aliyekuja akabonyezabonyeza vitufe hadi akaipata sehemu ya kuzima onyo hilo. "Kinalalamika tu," alisema. Kikawaka, watu wakapiga makofi.

Attracta alikaa peke yake mbele ya kisanduku kile kwa saa nzima, mkono juu ya ubavu wake kama mtu anayempima mgonjwa homa. Kikipewa kasi kamili, ambayo ni namba hamsini, kilipata joto hadi mkono ukakimbia. Akapunguza kidogo kidogo. Kwenye arobaini na moja mota ilikula karibu nusu tu ya nguvu zake, kisanduku kikawa na uvuguvugu wa yai lililotoka kutagwa, na maji yakaendelea kupanda, ingawa polepole. Akaiacha hapo. Kwa kuwa sasa pampu ilisukuma maji machache kwa saa, ilibidi iende karibu usiku na mchana, na yeye awe anaipitia mara nne kwa siku. Aliipitia Machi yote, Aprili yote na Mei yote. Hakuna aliyejua, maana mabomba yalitoa maji kama kawaida.

Juni ilipoingia, Attracta alikwenda kuhiji kwenye kisiwa cha Ziwa Derg, kama alivyofanya kila mwaka tangu mumewe afariki. Hija hiyo ni ya siku tatu. Mtu hutembea peku juu ya mawe, hufunga, hukesha, na simu haziruhusiwi. Jumatano asubuhi alimkabidhi Declan funguo na karatasi yenye mistari mitano. Mstari wa tatu ulisema: *Usizidishe arobaini na moja.*

"Siku tatu bila wewe, Mhandisi," Declan alimtania. "Tutakufa kiu?"

"Ukisoma karatasi hamtakufa, Mwenyekiti."

"Nitaisoma kama Injili."

Na kweli aliisoma. Lakini Alhamisi jua liliwaka la utosi, na ng'ombe wa Drumcashla, wasiojua joto, walinywa kama waliotoka jangwani. Tangi lilishuka. Simu ya Declan ililia tangu asubuhi: huyu bomba lake linatoa hewa, yule ana wageni, mwingine ndama wake wamekauka ndimi. Declan akaenda ziwani, akasimama mbele ya kisanduku. Kilikuwa kinanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

"Wewe nawe," alikiambia, "kwa nini unatambaa wakati watu wanaungua?"

Alitazama karatasi. Haikusema kwa nini. Akapandisha namba hadi hamsini.

Mota ilivuma kama mzinga wa nyuki. Sindano ya mgandamizo ilipanda, na tangini, alipokwenda kuchungulia, maji yalikuwa yakimwagika kwa shangwe. Declan aliwaandikia majirani wote: *Maji yanakuja. Kumbe ilikuwa kubonyeza tu.* Akamwagiwa sifa kochokocho.

Saa kumi na mbili jioni kisanduku kilitoa mlio mmoja mkavu, kama kizibo cha chupa, kikafuatiwa na harufu ya samaki wa kuungua. Kioo kikawa cheusi. Pampu ikanyamaza.

Ijumaa, saa tano na nusu asubuhi, Attracta alishuka kwenye gari la mahujaji njia panda, miguu imevimba, tumbo tupu. Alimkuta Declan amekaa juu ya trekta lililofungwa tangi la maji ya ziwa. Tangu alfajiri alikuwa akinywesha ng'ombe wake na wa majirani kwa zamu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alipomwona Attracta alishuka, akavua kofia.

"Nimekiua," alisema.

Attracta alimsogelea. "Uliweka ngapi?"

"Hamsini."

"Tangi limebaki kiasi gani?"

"Tukijibana, mpaka kesho asubuhi. Nimepiga simu kila mahali. Kisanduku kipya ni Alhamisi ijayo. Nyumba thelathini na nne, Attracta. Na trekta langu ni moja."

Walipanda trekta hadi ziwani, wakaingia kibandani. Declan akanyoosha mkono afungue kifuniko, Attracta akaushika.

"Umekata umeme?"

"Jana jioni."

"Afadhali. Kikiwa kimetoka kuzimwa unangoja dakika kumi, maana ndani kuna makopo yanayotunza umeme. Yanakuuma hata kikiwa kimekufa."

"Kama mama mkwe wangu," alisema Declan, lakini bila furaha.

Kifuniko kilipotoka, waliyaona: makopo mawili yamefura vichwa, moja limepasuka. Attracta alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akanyoosha miguu yake yenye malengelenge.

"Declan, ulibeba jeneza la mume wangu."

Declan alishtuka. "Nililibeba, ndiyo. Bega la kushoto, mbele."

"Mlikuwa wangapi?"

"Sita, kama desturi."

"Sasa fikiria mko katikati ya kilima, na wawili wanaondoka. Jeneza haliwi jepesi kwa sababu hao wameondoka. Linabaki lile lile, na mnaobaki ni wanne. Mtafika makaburini?"

"Tukienda polepole, labda. Tukikimbia tutaanguka nalo."

"Basi hicho ndicho kisanduku. Umeme huingia ndani yake kwa milango sita, miwili kwa kila fezi. Ukikipa fezi moja, milango miwili haifunguki kabisa. Minne inabeba kazi ya sita. Tena umeme unaingia kwa vipindi vilivyoachana zaidi, na kila kipindi kikikatika, haya makopo ndiyo yanayoshikilia jeneza lisianguke. Kisanduku cha ukubwa mara mbili si unene. Ni kuwapata wanne wenye mabega ya watu wanane."

Declan aliyatazama makopo yale tena. Simu yake ililia. Akaipokea nje, sauti yake ikasikika ya upole: ndiyo, Bridie, ni kosa langu, hapana, usimpigie Attracta, amechoka, nitakuletea madumu mawili mwenyewe. Hata mate hayajakauka, ikalia tena. Attracta alihesabu simu saba kabla mwenyekiti hajarudi ndani.

"Leo wana haki ya kupiga," alisema Attracta.

"Leo tu?" Declan alijaribu kucheka. "Baridi ikigandisha mabomba, wananipigia. Ukame, wananipigia. Maji yakiwa na rangi ya chai, hata saa nane usiku. Niliwaambia zamani, mwacheni mtunzaji afanye kazi, matusi leteni kwangu."

Attracta aliinama, akasugua kifundo cha mguu wake. Miaka kumi na moja hakupata simu hata moja ya malalamiko. Alikuwa amedhani watu wameridhika tu. Na alikuwa amedhani, akiwa na yakini kabisa, kwamba kazi ya mwenyekiti ni kuketi mbele na kusema mengi.

"Asante," alisema.

"Ya nini? Nimekiua kisanduku."

"Ya simu. Na kosa si lako peke yako. Nilikuandikia usizidishe, sikukuandikia kwa nini. Nilidhani mtu akiiona namba ataujua uzito wake."

Majella aliingia akiwa na kikapu cha mkate wenye nyama na chupa ya chai. Attracta alichukua chai kavu, akausukuma mkate kwa upole. "Mfungo wa mahujaji ni mpaka saa sita usiku; chai tupu inaruhusiwa."

"Hata leo?" Majella alishangaa.

"Leo hasa. Nisije nikamlaumu Mungu kwa shibe."

Walicheka wote watatu, kicheko cha kwanza tangu jana. Kisha Declan akaurudisha mkate kikapuni, akamgeukia mkewe.

"Majella, mashine ya kusaga shayiri ghalani. Mota yake ni ngapi?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyelalamika nayo miaka tisa."

"Ni nne," alisema Declan polepole. "Mota ni nne. Na kisanduku alichonifungia Cathal Meehan ni saba na nusu."

Cathal Meehan alikuwa fundi wa umeme wa Drumcashla kabla hajahamia Australia. Declan alipogundua kwamba fundi huyo alimfungia kisanduku kikubwa mara mbili ya mota, alihisi ameibiwa. Hakwenda kumuuliza. Alikwenda baa, akawasimulia watu, akaongeza na chumvi kidogo, na habari haikuwa na haraka ya kufa. Cathal aliondoka mwaka uliofuata, na katika sherehe ya kumuaga Declan hakuwepo.

"Ndiyo maana nilibisha ukumbini," Declan alisema, akitazama sakafu. "Nilitaka kuwakinga majirani wasiibiwe kama mimi. Kumbe mimi sikuibiwa. Miaka tisa kile kisanduku hakijawahi hata kupiga chafya."

"Shayiri husagwa lini?" Attracta aliuliza.

"Vuli."

"Basi tunangoja nini?"

Kisanduku kilishushwa ghalani, kikaletwa kibandani kikiwa na vumbi la shayiri la miaka tisa. Attracta alikisafisha kwa brashi ya rangi, akasoma bamba lake herufi kwa herufi, kisha akalisoma tena. Kilikuwa cha volti zile zile. Oonagh Grehan, fundi mwenye leseni kutoka mjini, aliacha chakula chake cha mchana akaja kufunga nyaya na kupima kila kiungo. Alipoona waya wa kuingizia umeme akatikisa kichwa. "Huu ni mwembamba. Fezi moja inabeba umeme mwingi kuliko fezi tatu zikigawana. Na fyuzi nazo tubadilishe." Akabadilisha. Kisanduku kilipowashwa mara ya kwanza, kiliandika maneno yale yale ya Februari: fezi zimepungua.

Declan akashika kichwa. "Na hiki nacho kinalalamika!"

"Kinasema kweli," alisema Attracta. Akafungua kijitabu, akaonyesha ukurasa unaoruhusu, akabonyeza. "Onyo hili tunalizima kwa kuwa tumeshafanya lililotakiwa. Mara ile lilizimwa kwa kuwa tulichoka kulisikia."

Akaipandisha namba. Thelathini. Arobaini na moja. Akasimama hapo, kwa mazoea, mkono ubavuni mwa chuma. Halafu hamsini. Wakangoja. Mota ilivuma, sindano ikapanda, robo saa ikapita, nusu saa ikapita. Attracta alimwita Declan, akauchukua mkono wake mpana wa mkamuaji, akauweka mahali pale pale.

"Unahisi nini?"

"Uvuguvugu," Declan alinong'ona. "Kama yai."

Nje, juu ya kilima, mtu alipiga kelele kwamba maji yamefika tangini. Simu ya Declan ililia. Alikuwa Bridie. Mara hii alikuwa akicheka.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Declan aliketi kwenye ngazi ya kibanda, akaitafuta namba moja kwenye simu, akaitazama muda mrefu. "Huko ni saa sita za usiku," alisema. "Nitamwamsha."

"Mwamshe," alisema Attracta. "Mimi juzi nilikesha usiku kucha na bado niko hai."

Simu iliita mara nyingi. Kisha ikasikika sauti yenye hofu na usingizi, na sauti hiyo haikusalimia. Iliuliza kile ambacho kila mtoto wa Drumcashla aliye mbali huuliza akipigiwa usiku kutoka nyumbani.

"Nani kafariki?"

"Hakuna aliyefariki, Cathal. Ni Declan Prunty."

Oonagh aliacha kufunga mkoba wake wa zana.

"Declan Prunty," sauti ilisema hatimaye. "Unataka nini?"

"Kile kisanduku ulichonifungia. Cha saba na nusu."

"Kimeharibika?"

"Hapana." Declan alipitisha kofia usoni. "Kinafanya kazi. Leo kinanywesha nyumba thelathini na nne. Nimejua leo kwa nini ulikiweka. Nilisema uliniibia, Cathal. Nilisema kwa watu wengi, na kesho nitaanza kuwaendea mmoja mmoja niwaambie nilikosea. Ila wewe nimetaka usikie kwanza. Asante, bwana. Na unisamehe."

Halafu upande wa pili wa dunia mtu alivuta pumzi ndefu, kama anayetua kitu kizito alichokibeba njia ndefu bila mtu kumwona.

"Nilikuwa na kisanduku cha kilowati nne garini siku ile," Cathal alisema. "Kingekutosha kwa mwaka mmoja. Nikaona, huyu ana watoto wadogo na ng'ombe wengi, nimwekee kitakachodumu. Bei nilikutoza ile ile ya kidogo, Declan. Hukuwahi kuuliza."

Declan aliinamisha kichwa. Attracta aliichukua simu mkononi mwake taratibu.

"Cathal mwanangu, ni Attracta, yule wa barua. Mama yako hajambo, nilimwona Jumapili. Maji anayo. Lala sasa. Ukija nyumbani, kanisani utakaa upande wetu."

Jua la Juni huko haliharakishi kuzama. Walikaa ngazini watatu wao, mtunzaji na miguu yake peku, mwenyekiti na kofia yake magotini, na fundi aliyekosa chakula cha mchana, wakisikiliza mota. Hakuna aliyesema ni kazi ya kubonyeza tu. Declan alipoinuka kwenda kukamua, aliitoa mfukoni ile karatasi ya mistari mitano, akaikunjua, akaibandika ukutani kando ya kisanduku. Kwenye mstari wa tatu alibadilisha namba iwe hamsini, na chini yake aliandika kwa kalamu ya risasi, kwa ajili ya yeyote ambaye siku moja angekosa mkutano na kukabidhiwa funguo: *Kabla hujasema kazi hii ni nyepesi, weka mkono hapa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.*